Jinsi ya kuandaa bwawa la samaki kabla ya baridi ya Juni

Kuanzia Juni hadi Agosti, wafugaji wa sato wenye mabwawa nyuma ya nyumba huko Genkuru na maeneo mengine ya Tarime na Serengeti hukutana na shida ileile: samaki wanagoma kula, halafu asubuhi moja unakuta kadhaa wanaelea. Wengi husema baridi imewaua. Mara nyingi kilichowaua ni chakula walichokataa kula.

Iko hivi. Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzijoto 25 hadi 30. Chini ya 20 anakula kidogo sana, na yakikaribia 16 anaacha kabisa. Baridi yenyewe humuua maji yakishuka hadi kama 11, jambo ambalo ni nadra. Lakini pumba na dagaa unaoendelea kumwaga huzama, huoza na kumaliza oksijeni.

Usifuate ratiba ya mfugaji wa kando ya Ziwa Victoria. Ziwa lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati nyanda za juu za Tarime zinapita mita 1,500. Baridi yenu si yao.

Maandalizi yaanze Mei, na la kwanza ni kina. Bwawa la sentimita 60 hupoa usiku mmoja tu. Likifika mita moja na nusu upande wa chini, samaki wanapata pa kukimbilia. Kama samaki wamo tayari na huwezi kuchimba, ziba panapovuja na ujaze maji masika kabla hayajaisha. Maji yakipungua, mdiria na fisi maji nao wanafurahi. Kata pia matawi yanayozuia jua.

Samadi punguza. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko: usipokiona kiganja chako, maji yameshakuwa mazito, usiongeze kitu.

Sasa chakula, maana hapa ndipo hela inapopotea. Chukua bwawa la mita 10 kwa 20 lenye samaki 600 wa gramu 100 kila mmoja. Hao ni kilo 60. Wakati wa joto, kwa asilimia 3 ya uzito wao, wanakula kilo 1.8 kwa siku. Maji yakishuka chini ya 20, wape nusu, yaani gramu 900, tena kati ya saa 8 na saa 10 mchana maji yakiwa yamepata jua. Kisichoisha ndani ya robo saa ni ziada, kesho punguza. Kipimajoto cha kawaida kinatosha, ila pima asubuhi na mchana.

Vifaranga usipandikize Juni; subiri Septemba. Wavu nao weka kando, kwa sababu samaki aliyechubuka kwenye baridi hushikwa na ukungu mweupe kama pamba. Kambale anavumilia zaidi uhaba wa oksijeni kwa kuwa hupumua hewa, lakini naye baridi humkata hamu ya kula.

Ukiwaona alfajiri wanahema juu ya maji, siku hiyo usilishe kabisa. Fungulia maji mapya kidogo kidogo, yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa, kisha mpigie afisa uvuvi wa wilaya.