Kadi Ina Jina la Nani? Historia Fupi ya "Mkuu wa Familia"

Wiki hii tunaandika juu ya neno ambalo sisi tunaosaidia siku za kugawa posho tunalisikia kila mara: mkuu wa familia. Baba akikuta kadi imeandikwa jina la mke wake, mara nyingi anakasirika. Wengine wanasema wazi kwamba kambi imewanyang'anya uanaume. Wengine hawasemi kitu pale kwenye mstari, ila usiku majirani wanasikia kelele za mama anayepigwa. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Ni desturi yetu tangu mababu."

Basi tukaamua kuifuatilia hiyo desturi ya mababu. Kumbe sehemu kubwa ya huyu "mkuu wa familia" haikutoka kwa mababu. Ilitoka kwa kampuni na kwa serikali ya Ubelgiji, na miaka yake inajulikana.

Tuanze na Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906 kwa ajili ya shaba. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, wake zao wakabaki vijijini. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka, na kampuni ikawa inatafuta watu wapya kila wakati. Hiyo ilikuwa gharama. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mpango: mkataba wa miaka 3, mfanyakazi aje na mke, wapewe nyumba kambini, watoto wazaliwe hapo na wakue kuwa wafanyakazi wa kesho.

Ndani ya kambi ya kampuni, mwanaume alipata mshahara, nyumba na posho. Mke naye alikula, lakini siyo kwa jina lake. Alikula kwa sababu ni mke wa fulani. Mume akipoteza kazi, familia nzima inapoteza nyumba.

Sasa linganisheni na vile ilivyokuwa kabla. Watu wengi wa kusini mwa Katanga, kama Wabemba na Walamba, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake kuliko baba. Mama ndiye alilima na kulisha nyumba. Hatusemi kwamba wanawake wa zamani walikuwa huru. Kazi nzito ilikuwa yao, na mara nyingi ndoa zao ziliamuliwa na wazee. Tunachosema ni kwamba baba mmoja anayelisha wote na kuamuru wote hakuwa desturi ya kila mahali. Kambini mjomba hakuwa na namba ya kazi. Kwa hiyo baba akapanda, mjomba akashuka, na mama akabaki na sufuria.

Ndugu zetu wa Burundi wasifikiri hii ni hadithi ya Wakongomani tu. Ruanda-Urundi nayo ilitawaliwa na Ubelgiji. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa na foyer social, yaani nyumba ya kufundishia akina mama, kuanzia 1946 hadi 1960. Somo lilikuwa kushona, kupika, kupiga pasi, kutunza mtoto na kupanga nyumba. Ni mambo mazuri, ndiyo, lakini wakati huo waume zao walikuwa wanafundishwa Kifaransa na hesabu ili wawe makarani.

Na mwanamke asiye na mume je? Huyo alitozwa kodi. Utawala wa Wabelgiji uliweka kodi maalum kwa wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu waongeaji wa Kiswahili wa mtaa wa Buyenzi, hapo hapo Usumbura, waliipinga. Wengi walikuwa wajane na walioachika, na waliona kodi ile inawatukana, kana kwamba mwanamke bila jina la mume ni malaya tu. Dada zetu, hao ni bibi zenu. Wakisema mwanamke wetu hajawahi kufungua mdomo, wakumbusheni Buyenzi.

Kwenye magazeti hali ilikuwa ile ile. La Voix du Congolais, lililoanza 1945 chini ya Antoine-Roger Bolamba, lilijadili sana habari za mwanamke. Bolamba huyo huyo akatoa kitabu kizima mwaka 1949 juu ya matatizo ya maendeleo ya mwanamke mweusi. Lakini kalamu karibu zote zilikuwa mikononi mwa wanaume waliosoma. Mwanamke alijadiliwa kuliko alivyosikilizwa. Matokeo yake tunayaona kwenye tarehe: msichana wa kwanza wa Kongo kumaliza sekondari, Sophie Kanza, alimaliza 1961, wakati uhuru umeshapatikana. Mwaka 1964 akamaliza chuo kikuu cha Lovanium, na 1966 akawa waziri mwanamke wa kwanza. Katika uchaguzi wa Mei 1960, ule uliomleta Lumumba, wanawake wa Kongo hawakupiga kura. Haki hiyo waliipata kwa katiba ya 1967.

Wabelgiji walipoondoka, tuliendelea wenyewe. Sheria ya familia ya Zaire ya 1987 iliandika kwamba mume ni mkuu wa nyumba, na kwamba mke lazima apate ruhusa ya mume kabla ya kusaini mambo kama mkataba wa kazi. Ruhusa hiyo iliondolewa 2016 tu. Neno "mkuu wa nyumba" bado limebaki kwa mume. Burundi nayo, sheria ya 1993 ilimpa mume uongozi wa nyumba.

Sasa tuangalie kilichotokea mishahara ilipokwisha. Kampuni ile ya shaba, iliyokuja kuitwa Gécamines, ilianguka katika miaka ya 1990. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila kulipwa, na kuanzia 2003 zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Nani alilisha watoto? Akina mama, kwa kulima, kwa kuuza mikate, makala na unga kando ya barabara. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kuhusu familia hizo, na jina lake linasema kwamba wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Baba huyo ni nani? Ni kampuni! Kumbe hata mwanaume aliyejiita mkuu alikuwa mtoto wa mkuu mwingine.

Mnaona inavyofanana na huku kwetu? Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Simon Turner alikaa na wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lukole, Tanzania. Wanaume walimlalamikia kwamba wake zao hawawatii tena, maana anayelisha ni UNHCR, eti huyo amekuwa mume bora. Mwaka 2001 UNHCR ikatoa ahadi 5 kwa wanawake wakimbizi. Ndani yake kuna kila mwanamke kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe, na wanawake kushiriki katika kugawa chakula. Jina la mama kwenye kadi linatokana na mawazo hayo.

Wazee wetu, uchungu wenu tunauelewa. Kukaa miaka bila kazi na bila shamba kunaumiza, na sisi vijana tuko katika maumivu hayo hayo. Lakini tuseme ukweli: mama hajakunyang'anya kazi. Vita ndiyo iliyokunyang'anya. Kumpiga hakurudishi shamba wala mshahara. Na kama uanaume ulikuwa ni namba ya kazi na kadi ya posho, basi ulikuwa mali ya kampuni tangu mwanzo, maana kampuni iliutoa na kampuni iliuondoa.

Sisi tunataka uanaume ambao hakuna ofisi inayoweza kuufuta. Baba anayebeba gunia kutoka kwenye mgao hata kama kadi siyo yake. Kaka anayechota maji ili dada yake awahi darasani. Hakuna aibu hapo.

Tunawapa kazi moja wiki hii. Kama bibi yako yuko hai, kaa naye umuulize: shamba lilikuwa la nani, ghala nani alifungua, na jina lake liliandikwa kwenye karatasi kwa mara ya kwanza mwaka gani. Mtuandikie majibu yao, tuyaweke hapa.