Mafiga, Jiko na Moshi: Historia Fupi



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema tuandike juu ya jambo lisilofanyiwa sherehe, yaani moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto huyo ndiye anayebebwa mgongoni mama akichochea moto.

Hapa West Nile, tokea Adumi hadi Koboko, ukimbizi si habari ngeni. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, wenyeji wengi walikimbilia Zaire na Sudan. Walugbara wako pande zote mbili za mpaka, Arua na Aru. Wenyeji walirudi kwao miaka ya 1980, na baadaye watu wa Kongo na Sudan wakafuata njia hizo hizo kuja Uganda. Kila aliyekimbia alianza na mafiga matatu, kwa kuwa hayanunuliwi na hukubali sufuria yoyote. Ubaya wake ni kwamba upepo huchukua joto, kuni hazishiki moto vizuri, na sehemu isiyoungua hutoka kuwa moshi.

Wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma mwezi Julai 1994, msitu wa Hifadhi ya Virunga uliharibiwa sana kwa kutafuta kuni. Wengine walikuwa wamefika Ngara na Karagwe, Tanzania. Huko kuni ziliposogea mbali, wengi walijijengea majiko ya udongo wenyewe.

Kenya nayo ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilitengenezwa jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, kwa mfano uliotoka Thailand. Yale ya kwanza yalikuwa na kasoro, hata udongo ukapasuka. Wapishi walisema kasoro hizo, na mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Shauri Moyo, Nairobi, wakayarekebisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yametumika zaidi ya 700,000. Lakini tukumbushane: makaa hata yasipotoa moshi hutoa hewa ya sumu. Sigiri isiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha.

Mwaka 2016 na 2017 ndugu zetu wa Sudan Kusini waliingia kwa wingi, na Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, ikawa na watu zaidi ya laki mbili kabla mwaka 2016 haujaisha. Miti ilipungua, na ugomvi wa kuni kati ya wageni na wenyeji ukaongezeka. Hivyo jiko linalokula kuni chache ni afya ya kifua, na pia ni amani na jirani aliyetupa ardhi.

Jiko lenyewe halina siri. Udongo wa kichuguu huchanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, hukandwa kwa miguu, hujengwa na tundu la kuni na bomba la moshi, kisha huachwa likauke kabisa kabla ya kuwashwa. Linataka kusiribwa kila linapopata ufa, na bomba kutolewa masizi. Likiachwa lipasuke, moshi hurudi kama wa mafiga.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wakazi, tukaushe kuni, tuache dirisha jikoni, na kila nyumba ipande miti ya kuni. Wafanyakazi wa mashirika, msihesabu tu majiko yaliyogawiwa. Rudini baada ya mwaka mmoja mhesabu yale ambayo bado yanapikiwa, na mwulizeni mpishi kwa nini mengine yameachwa. Historia hii yote inaonyesha kuwa jiko lililodumu ni lile ambalo mpishi alisikilizwa.