Kidonge cha senti chache

Wadau, kama umewahi kupanda basi la Lindi kwenda Masasi, Nanganga unaijua: ndiyo njia panda ya kwenda Ruangwa na Nachingwea. Nyuma umeiacha hospitali ya misheni ya Nyangao, mbele inakuja ya Ndanda, zote kazi ya Wabenediktini. Mtu wa pale akikohoa damu, huko ndiko alikokuwa akikimbiliwa. Swali langu leo: akishafika hospitali, nchi yetu ilimpangia dawa gani?

Turudi 1977. Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na mtaalamu Mcheki, Karel Styblo, akaja kusaidia. Hadi miaka ya 80 tiba ikawa ya miezi 8. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alimeza rifampisini, dawa kali na ghali, mbele ya macho ya muuguzi. Miezi 6 iliyobaki alimeza isoniazidi pamoja na thiasetazoni, dawa ya senti chache. Watu walipona kweli, tena katika nchi maskini. Miaka ya 90 Shirika la Afya Duniani lilijenga mkakati wake wa DOTS juu ya kazi hiyo.

Lakini UKIMWI ulishaingia. Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa nao. Vijidudu vya TB vinaweza kulala kifuani miaka mingi. Kinga ikishuka, vinaamka. Wagonjwa wa TB nchini wakapanda kutoka kama 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 80 hadi zaidi ya 60,000 katikati ya miaka ya 2000.

Hapo kile kidonge rahisi kikageuka. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa TB wenye VVU waliopewa thiasetazoni, karibu mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi. Wengine walibabuka mwili mzima na midomo ikajaa vidonda. Baadhi walikufa. Shirika la Afya likaelekeza wenye VVU wasipewe dawa hiyo, na ethambutoli, ambayo ni ghali zaidi, ikachukua nafasi yake.

Msiseme basi kila cha bei rahisi ni kibaya! Mwaka 1999 utafiti wa Abidjan ulionyesha kwamba Septrin, dawa ya siku nyingi ambayo kila duka la dawa linayo, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa TB wenye VVU kwa karibu nusu. Huzuia pia nimonia ile inayowavizia wasio na kinga. Mwaka uliofuata ikapendekezwa Afrika. ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004.

Ninachokiona ni hiki: thiasetazoni na Septrin zote zilikuwa rahisi. Tofauti ni kwamba moja ilipimwa kwa mwenye VVU kabla ya kupendekezwa kwake, nyingine alimezeshwa kwanza, maswali yakaja baadaye. Dawa ikipangwa Dar es Salaam kwa hesabu ya bei peke yake, salio hulipwa na ngozi ya mtu wa Nanganga.

Mnao wazee waliouguza ndugu miaka ile? Waulizeni, wangali hai.