Nani Ashike Ufunguo wa Chekechea?

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa naamini kwamba usalama wa mtoto katika chekechea ni ukuta imara, geti lenye kufuli na mlinzi asiyesinzia. Niliposoma historia ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, nikagundua nimekosea. Kwao, kufuli hilohilo ndilo lililowatia wazazi hofu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1883 jimbo la New South Wales liliunda bodi ya kuwalinda Waaborijini. Kuwalinda! Mwaka 1915 sheria ikabadilishwa, bodi ikapata uwezo wa kumchukua mtoto kwa wazazi wake bila hata kuthibitisha mahakamani kwamba ametelekezwa. Wasichana walipelekwa Cootamundra kufundishwa utumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu. Wavulana walipelekwa Kinchela, na huko mtoto aliitwa kwa namba badala ya jina lake. Lugha ya nyumbani ilikuwa mwiko. Eti hayo nayo ni malezi, jamani.

Majimbo mengine nayo yalifanya hivyohivyo. Ripoti iitwayo Bringing Them Home, iliyotolewa mwaka 1997, ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 mtoto mmoja katika kila kumi, na pengine mmoja katika kila watatu, alitenganishwa na jamaa zake kwa nguvu. Sasa niambie, mama aliyekulia Cootamundra atamkabidhije mwanawe kwa mtu wa serikali mwenye daftari mkononi? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni rahisi kusema wazazi wale hawakujali elimu. Kumbe walikuwa wanakumbuka.

Mabadiliko waliyaanzisha wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Redfern, mjini Sydney, akina mama wa Kiaborijini walianzisha Murawina. Kwanza walikuwa wanawapa watoto chai ya asubuhi, baadaye pakawa chekechea kamili. Tazama walipoanzia: si kwenye silabasi, ni kwenye sahani. Na aliyeishika sahani ile alikuwa mtu wa kwao, ambaye mtoto angeweza kumwita shangazi.

Mwaka 1981 mashirika ya wenyeji yanayoshughulikia watoto yaliungana kitaifa, yakaunda chombo kiitwacho SNAICC, ambacho kipo mpaka leo. Mwaka 1987 vikaja vituo vilivyojulikana kama MACS: fedha kutoka serikali kuu, uendeshaji mikononi mwa jamii yenyewe.

Ng'ambo ya bahari, huko New Zealand, muuguzi wa Kimaori Irihapeti Ramsden na wenzake walilipa jambo hili jina: usalama wa kiutamaduni. Hoja yao si ngumu. Anayesema kama huduma ni salama ni yule anayeipokea, siyo anayeitoa. Kwa hiyo kuchora kangaruu ukutani na kupiga ngoma siku ya sherehe hakutoshi. Je, bibi anaruhusiwa kuingia na kukaa mkekani na wajukuu? Je, mwalimu anajua kwamba malezi ya mtoto ni ya ukoo mzima, si ya baba na mama tu? Na je, nani anaajiri na nani anafukuza?

Tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Ilikuwa siku kubwa. Lakini mpaka sasa watoto wa Kiaborijini wanaondolewa makwao kwa kiwango kinachowazidi wenzao mara nyingi, na ung'ongo bado unatisha.

Sisi vijana tunaoshika kalamu tunapenda kuandika habari za mashujaa wa bunduki na majukwaa. Mimi leo nawaandika akina mama wa Redfern. Walijua kwamba watoto wao walikuwa wamenyang'anywa majina kwa jina la ulinzi, nao wakaanza kuyarudisha kwa kifungua kinywa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Mimi naongeza swali: akilelewa na nani, na ufunguo uko kwa nani?