Uzito salama wa pikapu
Uzito salama wa mzigo wa pikapu hupatikana kwa kutoa uzito wa gari tupu katika uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda. Abiria nao wamo humo. Mzigo hupimwa kwa safari nzima, si kwa kuondoka tu. Hata wapagazi wa Kinyamwezi, waliokwenda kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19, kwa kawaida walibeba frasila 2 hivi, takriban kilo 32, ingawa wenye nguvu waliweza kuinua zaidi. Kwa pikapu, wapo wanaodai kwamba ukiongeza springi, mzigo unaweza kuzidi kiwango cha kiwanda. Hapana: breki, ekseli na matairi ni yaleyale, na shehena ikilalia nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii.