Mti mkavu si mfu: Kalenda ya maua Bagamoyo na pwani yake

MGENI anayefika Bagamoyo mwezi Septemba aweza kudhani kwamba miti mingi ya mji huo imekufa. Mibuyu imesimama bila majani, misufi imebaki matawi na vifuko vya sufi, na mikrismasi ya kando ya barabara inaning’iniza maganda marefu meusi yanayolia kama kayamba upepo unapovuma. Mgeni huyo akirudi Desemba atakuta mikrismasi imewaka wekundu na mibuyu imevaa kijani.

Kuijua tofauti hiyo si suala la kufurahisha macho tu. Miti ya mijini mara nyingi hukatwa au kupogolewa katika miezi ya ukavu, kwa sababu ndipo inapoonekana mikavu na yenye kuchafua uwanja. Asiyejua kalenda yake huweza kuangusha mti ulio hai, au kuondoa matawi ambayo majuma machache baadaye yangetoa maua na matunda.

Makala haya yanaeleza kalenda hiyo kwa miti na maua yanayoonekana kwa urahisi Bagamoyo, Kaole na katika bustani ya umma iliyo jirani, ile ya Dar es Salaam, takribani kilometa 70 kusini mwa Bagamoyo.

Pepo mbili, mvua mbili

Pwani haina majira manne kama ya Ulaya. Mwaka wake hugawanywa na pepo mbili: kaskazi, unaovuma takribani Desemba hadi Machi, na kusi, unaovuma Aprili hadi Oktoba. Baina yake huja mvua mbili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni kipupwe, wakati wa ubaridi kiasi na ukavu.

Joto la pwani halibadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo kinachoiongoza miti zaidi ni maji. Mingi hupukutisha majani ili kupunguza upotevu wa maji, kisha huchanua ukavu unapoelekea kwisha au mvua zinapoanza.

Vuli na kaskazi: Msimu wa rangi

Mkrismasi ndio unaojulikana zaidi. Asili yake ni Madagascar, nao ulisambazwa katika nchi nyingi za joto kwa ajili ya kivuli na maua yake. Huku pwani huanza kuchanua Oktoba na kufikia kilele Novemba na Desemba, jambo lililoupatia jina lake la Kiswahili. Kila ua lina petali tano, na mojawapo huwa na madoa meupe au ya manjano.

Mbuyu nao huchanua katika miezi hiyo, ingawa ni wachache wanaoyaona maua yake. Ua la mbuyu ni kubwa na jeupe, huning’inia likitazama chini, hufunguka magharibi na kuanza kunyauka kesho yake. Harufu yake nzito huwaita popo wala matunda, ambao hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Ubuyu hukomaa miezi mitano au sita baadaye. Hivyo, anayewafukuza popo mjini apunguza pia mavuno ya ubuyu.

Mahali pazuri pa kuitazama mibuyu ni Kaole, kilometa chache kusini mwa Bagamoyo, penye magofu ya misikiti na makaburi ya mji wa kale wa Waswahili. Mbuyu mwingine mashuhuri umo katika eneo la Misheni ya Kikatoliki, mjini. Shina lake limemeza mnyororo wa chuma, na kinachoonekana leo ni kipande kidogo tu cha mwisho. Husimuliwa kwamba ulifungwa hapo mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya punda, ukasahauliwa.

Umri si kinga kamili. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba mibuyu 9 kati ya 13 iliyo mikongwe kuliko yote barani Afrika ilikuwa imekufa, au imepoteza sehemu zake za kale zaidi, tangu mwaka 2005. Mingi ilikuwa kusini mwa Afrika, na watafiti hao walidhani kwamba mabadiliko ya tabianchi yamechangia.

Novemba hadi Januari ni msimu wa maembe pia. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, inafikiwa kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Mapadri hao walileta pia kahawa kutoka kisiwa cha Réunion. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, alikusanya mimea ya pwani pamoja na majina yake ya Kiswahili. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939, ingali hazina kwa mwenye kutafuta majina hayo.

Masika: Msimu wa majani na harufu

Mvua kubwa zinapofika, rangi za mitini hupungua na kijani hutawala. Huu ndio wakati wa kupanda, kwani miche hupata maji ya kutosha kushika mizizi kabla ya kipupwe.

Katika nyua za Mji Mkongwe kuna mimea ambayo watu huijua kwa pua kuliko kwa macho. Asumini hufungua maua yake jioni. Pamoja na rehani na kilua, hutumika kufungia vikuba ambavyo wanawake huvaa katika sherehe. Mkilua, ambao ni mmea wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki, una heshima ya pekee: mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandikia jina la kisayansi mwaka 1970, aliuita Mkilua fragrans, akichukua neno la Kiswahili kama lilivyo.

Kipupwe na ukavu: Msimu wa kupukutika

Kuanzia Juni mibuyu huanza kubaki mitupu. Miembe hutoa maua madogo ya rangi ya maziwa, ambayo upepo mkali au mvua isiyotarajiwa huweza kuyaharibu. Mkungu, mti wa kivuli wa ufukweni, hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, jambo linalofanyika hata mara mbili kwa mwaka.

Msufi hupukutisha majani kisha huchanua ukiwa mtupu. Maua yake, kama ya mbuyu, hufunguka usiku na kutegemea popo. Maganda yakipasuka, sufi nyeupe hupeperuka mitaani. Ndiyo iliyokuwa ikijaza magodoro na mito kabla ya sponji kuenea.

Kwa wenye nyumba na hoteli, huu ni wakati wa mbogenvilia. Mmea huu ulipelekwa katika elimu ya Ulaya na Philibert Commerson, aliyeukuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika safari ya nahodha Bougainville. Kinachoonekana kuwa ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kijibomba kidogo cheupe katikati. Mbogenvilia hupenda jua na ukavu, na ukimwagiliwa kupita kiasi huzaa majani badala ya rangi.

Mikoko ya fukwe za Bagamoyo na mdomo wa Mto Ruvu haina wakati wa kubaki mitupu. Hata hivyo nayo ina maua: mlilana hufungua usiku ua lenye nyuzi nyingi nyeupe, na popo huufuata kama wanavyoufuata mbuyu.

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam

Anayetaka kuona mimea mingi mahali pamoja aende katika Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 1893 na serikali ya Kijerumani, chini ya Franz Stuhlmann, kuwa mahali pa kujaribia mazao ya biashara. Eneo lake la sasa ni dogo kuliko la awali, kwani majengo yamechukua sehemu kubwa. Mikrismasi, mihibiskasi na mbogenvilia huonekana humo kwa nyakati zilizotajwa hapo juu.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuukata mti unaodhaniwa kufa, kwangua kidogo gome la tawi changa. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, mti u hai, na mvua zitauvika majani.

Mkrismasi upogolewe baada ya maua kwisha, na mwembe baada ya mavuno, si kipindi kinachotangulia maua. Mkrismasi usipandwe karibu na ukuta au bomba, kwa kuwa mizizi yake hutambaa juujuu na huinua sakafu, wala shina la mti wowote wa kivuli lisizungushiwe saruji mpaka kwenye gome.

Tarehe za kalenda hii si za kudumu. Mvua zikiwahi au zikichelewa, maua nayo huweza kusogea kwa majuma kadhaa. Lakini mpangilio wake haubadiliki: ukavu huvua, mvua huvika. Mbuyu mtupu wa Septemba unangoja vuli, na anayeusimamia uwanja wenye mti huo hana budi kungoja nao.