Fahamu methadoni, dawa inayomtoa mraibu wa 'unga' maskani

Mwambao wa Tanga uko kwenye njia ya majahazi yanayoingiza heroini kutoka Asia kupitia Bahari ya Hindi. Sehemu ya mzigo hubaki hapa hapa, ndiyo maana 'unga' si mgeni mitaani.

Anayeutumia kila siku akiukosa hupata arosto: maumivu ya mwili, jasho, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Wengi hawarudii unga kwa starehe, wanaikimbia arosto.

Methadoni huizuia. Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Humwondoa mtu kwenye sindano za kuchangia zinazoeneza VVU na homa ya ini. Matibabu huchukua muda mrefu.

Tanzania Bara ilianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011. Kwa Tanga, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo.

Kazi ngumu ni kumfikisha mtu kliniki. Hapo ndipo waelimishaji rika huingia, wakiwemo waraibu waliopata nafuu. Wanawafuata wenzao maskani, na hawamwiti mtu 'teja'.

Familia nayo ichunge. Ukimfungia ndani aache kwa nguvu, halafu akatoka na kurudia kipimo chake cha zamani, anaweza kufa, maana mwili umeshapoteza uwezo wa kukihimili.

Kwa ushauri piga 119 bure, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.